Mtihani wa Kiingereza kwa viza ya mwenza Uingereza: afaulu kwanza ndipo aje, au aje ndipo asome?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nimeileta hii tuijadili kwa hoja, maana kwetu Leicester hakuna harusi inayopita bila watu kubishana juu yake.

Kwa asiyejua, tangu tarehe 29 Novemba 2010 anayetaka viza ya kumfuata mume au mke Uingereza lazima kwanza afaulu mtihani wa kuzungumza na kusikiliza Kiingereza, ngazi ya A1, ya chini kabisa katika vipimo vya Ulaya. Baada ya miaka miwili na nusu, akitaka kuongeza viza, anatakiwa A2, ngazi inayofuata. Akiomba makazi ya kudumu ni B1, ya juu zaidi, na juu yake ule mtihani wa maisha ya Uingereza.

Msimamo wangu nautoa mapema. Sipingi mtu kujua lugha ya nchi anayoishi, ila mtihani kuwekwa mlangoni, kabla mtu hajaingia, hilo silikubali. Tunaambiwa ni kwa ajili ya wageni kuchanganyika na wenyeji. Sawa. Mbona basi kwa miaka yote hiyo muuguzi aliyekuja kwa viza ya kazi mumewe aliingia naye bila kuulizwa hata "good morning"? Waraka wa serikali wa Mei 2025 ndio umependekeza nao watahiniwe. Na kabla ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, Mfaransa anayefanya kazi London aliweza kumleta mke Mtanzania bila mtihani wowote, wakati Mwingereza aliyezaliwa hospitali ya mtaa uleule alitakiwa mkewe afaulu kwanza. Wake hao wawili wanatoka Tanga, wanaenda barabara moja. Nani anahitaji Kiingereza zaidi ya mwenzake?

Nasubiri hoja.

Kijana wa Temeke

Mkuu, mimi hapa nashindwa kukuelewa. A1 ni jina lako nani, unatoka wapi, unapenda chakula gani. Mnaingia watahiniwa wawili na msahihishaji mmoja, mnaongea robo saa na ushei, mmetoka. Hakuna alama za kuchanganya kichwa, ni kufaulu au kufeli. Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne kasomea Kiingereza miaka minne, baiolojia kwa Kiingereza, historia kwa Kiingereza. Akishindwa na A1, tufungue uzi mwingine wa shule zetu.

Kinachotuumiza ni hela. Kima cha chini cha mapato cha mwenza aliyeko huko kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka, na Aprili 2024 kikaruka hadi 29,000. Bado ada ya viza, bado ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka, inalipwa yote mkupuo mmoja kabla hujapanda ndege. Mnaacha hilo mnalilia mtihani?

Mleta mada

Hela ni kweli, wala sibishi. Kwa mshahara wa kima cha chini wa mwaka 2025, pauni 12.21 kwa saa, ukifanya saa 37 na nusu kwa wiki mwaka mzima hufiki hata 24,000. Msafisha ofisi hana haki ya kuishi na mkewe, ndivyo ilivyo. Hilo linastahili mada yake.

Ila hapo kwenye kidato cha nne umenisaidia bila kujua. Cheti chake hakikubaliwi. Kuna orodha ya nchi ambazo raia wake hawatahiniwi: Marekani, Kanada, Australia, Jamaika, Malta, Guyana na nyinginezo. Hakuna hata nchi moja ya Afrika. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne, akamaliza sekondari, akafanya kazi benki Nairobi kwa Kiingereza kutwa nzima, anapangwa foleni kuulizwa anapenda chakula gani.

Dada wa Birmingham

Kaka zangu, mnaongea vizuri, lakini naona mnaongea kama waume.

Nimejitolea muda mrefu kwenye kituo kinachopokea wanawake waliokimbia nyumba zao. Nitawaambia ninachokiona. Mke anafika, pasipoti inawekwa kabatini na mume. Akaunti ya benki ni ya mume. Kwa daktari anayetafsiri ni mume, au wifi. Siku akipigwa, namba 999 ya dharura anaijua, ila hajui aseme nini mtu akipokea. Hiyo A1 mnayoicheka ni kutaja jina, kutaja anwani, kusema naumwa, kusema naogopa. Kwenu ni robo saa ya kupoteza, kwake inaweza kuwa uhai.

Mleta mada anasema aje kwanza ndipo asome. Nani atampeleka darasani? Kabla ya viza mume anauhitaji ule mtihani, hivyo atalipa kozi, atalipa nauli, atampigia simu kila jioni kumuuliza amesoma nini. Akishamfikisha, haja yake imekwisha. Wapo wengi wanaowapeleka wake zao, sikatai. Nawazungumzia wale wengine, ambao kwao mke asiyejua lugha ndiye mke anayefaa. Mtihani wa mlangoni ndio mara ya mwisho serikali kuwa na nguvu juu ya mume wa namna hiyo.

Kwa hiyo mimi nasema ubaki, na ikiwezekana upande.

Mpwani wa Hamburg

Naingilia kidogo kutoka huku Ujerumani. Nyinyi mnalalamikia Kiingereza? Sisi tangu Agosti 2007 mwenza anatakiwa A1 ya Kijerumani kabla ya viza, na si kuzungumza na kusikiliza tu, ni kusoma na kuandika pia. Kijerumani nani kakisoma shuleni Kilwa? Mke wangu alikaa kwa shangazi yake Mbagala miezi kadhaa, kila siku daladala hadi Goethe, taasisi ya Kijerumani mjini, kazi ameacha, mtoto amemwachia mamake.

Alipofika aliweza kununua mkate na kusalimia majirani. Alinishangaza. Sitasema ulikuwa muda wa bure.

Linaloniuma ni hili: mke Mmarekani, Mjapani au Mkorea Kusini hatahiniwi. Pili, huku mtu akishaingia kuna kozi ya serikali ya saa 600 za lugha. Sasa kama saa 600 zipo, zile za Mbagala zilikuwa za nini?

Mkongomani, Manchester

Jambo kwenu. Nyote mnasema habari ya watu wenye kuchagua. Mimi natoka Uvira, nilifika hapa kama mkimbizi. Zamani mkimbizi aliyekubaliwa aliweza kuita mke na watoto bila ada ya viza, bila kima cha mapato, bila mtihani wa lugha. Septemba 2025 serikali ilisimamisha maombi mapya ya njia hiyo. Sasa tunaambiwa tupite njia ya mwenza kama wengine, na masharti yake yote.

Mke wa rafiki yangu yuko kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu. Shule yake aliisoma kwa Kifaransa, halafu vita ikaikata. Kutoka kambini ni kwa kibali. Mtihani haufanyiki Kasulu. Atoke na kibali gani, alale wapi, alipe na nini? Watu wanasema kuna msamaha kwa mwenye mazingira ya kipekee. Upo, ndiyo, sambamba na ule wa mwenye miaka 65 au zaidi na wa mgonjwa au mlemavu. Lakini huo wa mazingira unaamuliwa na ofisa anayesoma karatasi, na karatasi hizo ni nani atamwandalia akiwa kambini?

Mleta mada

Ndugu wa Uvira, umegusa penyewe. Novemba 2015 kesi ya mtihani huu ilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Waliofungua walikuwa wanawake wawili raia wa Uingereza, mume wa mmoja yuko Pakistan, wa mwingine yuko Yemen. Majaji hawakuifuta sheria. Walichosema ni kwamba mwongozo wa msamaha ulikuwa umebana mno, kiasi kwamba katika kesi nyingi ungevunja haki ya mtu kuishi na familia yake. Mwaka mmoja kabla, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikuwa imeikosoa Ujerumani kwa mtihani kama huu kwa wake wa Waturuki wanaoishi huko. Kwa hiyo si sisi wa barazani tu tunaoona tatizo.

Dada wa Birmingham, hoja yako ni nzito kuliko zote humu na sitaipita pembeni. Ila nikuulize. Serikali ikiwa inawahurumia hao wake, kwa nini pesa za madarasa ya Kiingereza kwa wageni watu wazima England zilishuka kutoka takriban pauni milioni 203 mwaka 2010 hadi milioni 90 hivi mwaka 2016? Miaka ileile ya kubana mlango ndiyo walifunga madarasa. Na mke unayemsema, akikariri majibu ya robo saa akiwa Pemba, akafungiwa ndani mwaka mzima, atabaki na neno gani siku ya kupiga 999?

Mgeni humu

Samahani wakuu, natoka nje ya mada. Mchumba wangu ana digrii ya chuo kikuu hapa Tanzania, masomo yote kwa Kiingereza. Naye lazima afanye?

Kijana wa Temeke

Halazimiki, ila digrii haijisemei. Anaipeleka Ecctis, taasisi ya Uingereza ya kulinganisha vyeti, wathibitishe kwamba ni sawa na digrii ya Uingereza na kwamba ilifundishwa kwa Kiingereza. Analipia. Akiona usumbufu, afanye mtihani, ila awe makini: mtihani wa Kiingereza wa IELTS wa kawaida haupokelewi, uwe ule wa UKVI, yaani wa idara ya viza ya Uingereza, katika kituo kilichoidhinishwa. Watu wamenyimwa viza kwa kukosea hapo tu. Na cheti kina miaka miwili, msikifanye mapema halafu mkaanza kuchangisha harusi.

Dada wa Birmingham

Mleta mada, kuhusu pesa za madarasa niko upande wako, hata leo foleni ni ndefu. Lakini bado hujaniambia utamfikiaje aliyefungiwa. Ukimwandikia barua aende darasani, barua itafunguliwa na nani?

Mleta mada

Barua haitoshi, kweli. Zamani kidogo mgeni akifika alitakiwa aende mwenyewe posta kuchukua kadi yake ya ukaazi. Sasa kadi hakuna, kila kitu ni viza ya mtandaoni, na akaunti yake katika nyumba unazozisema nadhani unajua anayeifungua. Ule mlango mdogo aliopita kwa miguu yake wameuziba. Warudishe siku hiyo: ndani ya mwezi wa kwanza afike mwenyewe ofisini, aingie peke yake, akutane na mkalimani asiye ndugu wa mume, apimwe Kiingereza hapohapo na aandikishwe darasa. Asipofika, wamfuate nyumbani. Huo ndio mtihani ninaoukubali, na mume asiyempeleka ndiye apate taabu ya viza.

Dada wa Birmingham

Hapo sasa tunaongea. Walete hiyo siku ya ofisini, nitakuwa wa kwanza kusaini mtihani wa mlangoni uondolewe. Mpaka iletwe, mimi siugusi.