Kidato cha Tano na tamthilia yao ya kwanza ya Shakespeare: tuanzie wapi?

Mlezi wa Klabu (Tabora)

Salaam kwenu walimu wenzangu na wapenzi wa fasihi.

Ninafundisha katika shule moja ya sekondari ya bweni hapa Tabora, na mwaka huu nimekabidhiwa ulezi wa klabu ya fasihi, ambayo hukutana kila Ijumaa baada ya vipindi. Wanafunzi wa Kidato cha Tano wa mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) wameomba wenyewe tusome tamthilia moja nzima ya Shakespeare, kwa kuwa wamechoka kulisikia jina hilo likitajwa bila kuwahi kukishika kitabu chenyewe. Nimechagua Julius Caesar. Maktabani tunazo nakala chache za Kiingereza zilizochakaa, pamoja na nakala mbili za tafsiri ya Mwalimu Nyerere, moja ikiwa haina jalada.

Kinachonisumbua ni namna ya kuanza. Njia niliyoizoea kuiona ni hii: kipindi kizima cha maisha ya mwandishi, kwamba alizaliwa Stratford mwaka 1564 na kufariki mwaka 1616, kisha orodha ndefu ya wahusika ubaoni, kisha kurasa za mwanzo zinasomwa kwa zamu, huku mwalimu akikatiza kila mstari ili aeleze msamiati. Kabla onyesho la pili halijaisha, nusu ya darasa inasinzia na nusu nyingine inasubiri muhtasari wa kunakili. Onyesho la kwanza lenyewe halisaidii, maana wawakilishi wawili wa raia wanawagombeza mafundi barabarani, na fundi viatu anawajibu kwa mizaha ya Kiingereza cha zaidi ya miaka 400 iliyopita, ambayo hata mimi siielewi bila kusoma maelezo ya chini ya ukurasa.

Naomba ushauri katika mambo mawili. Kwanza, wasome Kiswahili kabla ya Kiingereza, au nitakuwa nimewaondolea kazi ambayo wanapaswa kuifanya wenyewe? Pili, je, inafaa kuanzia mahali pengine badala ya ukurasa wa kwanza?

Mstaafu wa Ujiji

Mwalimu, hongera kwa kupata wanafunzi wanaoomba kazi wenyewe, si wengi. Nimefundisha fasihi mkoani Kigoma hadi nilipostaafu, na nitalijibu swali lako la pili, kwa kuwa la kwanza wapo watakaolijibu vizuri kuliko mimi.

Inafaa kabisa kuanzia katikati, na katika tamthilia hii ningeanzia Tendo la tatu, onyesho la pili, penye hotuba mbili za mazishi ya Caesar. Kwa maneno yako mwenyewe, na kwa muda usiozidi dakika tano, waeleze wanafunzi kwamba Caesar amerudi kutoka vitani akiwa na nguvu zinazowatia hofu wakubwa wenzake, kwamba kundi la watu akiwamo rafiki yake Brutus limemuua kwa visu mchana kweupe, na kwamba sasa raia wamekusanyika wakidai kuelezwa sababu. Kisha waondoe kwenye madawati. Teua msomaji wa Brutus na msomaji wa Antony, rafiki mwaminifu wa Caesar, wasimame mahali palipoinuka, na wote waliobaki wawe raia wa Roma.

Brutus anatangulia. Hotuba yake ni fupi na imepangwa kwa ustadi, nayo ni ya nathari. Katika kitabu cha Kiingereza mwanafunzi ataliona hilo kwa macho kabla hajaelewa neno lolote, kwa sababu mistari ya Brutus inajaza upana wa ukurasa, ilhali ya Antony imekatwa kishairi. Brutus anasema kwamba si kuwa alimpenda Caesar kidogo, bali aliipenda Roma zaidi, na raia wanamkubali kwa vifijo. Hapo simamisha usomaji, na uwatake wanafunzi wayarudie maneno ya raia, sauti moja baada ya nyingine. Mmoja anataka Brutus asindikizwe nyumbani kwa shangwe, wa pili anataka ajengewe sanamu, na wa tatu anasema Brutus ndiye awe Caesar. Usieleze chochote. Mtu huyu amemaliza kusema kwamba amemuua rafiki yake ili Roma isitawaliwe na mtu mmoja, nao waliomshangilia wanataka kumpa yeye nafasi hiyo hiyo. Katika madarasa yangu alikuwapo daima mwanafunzi mmoja aliyecheka kabla ya wenzake, na mara nyingi hakuwa yule anayeongoza darasa kwa alama.

Kisha anakuja Antony. Ameruhusiwa kusema kwa masharti: asiwalaumu waliomuua Caesar, na azungumze baada ya Brutus, katika jukwaa lile lile. Waambie wanafunzi masharti hayo mapema, na uwaagize wanyooshe mkono pale watakapoona Antony ameyavunja. Watapata taabu kwelikweli, kwa maana kwa muda mrefu hakuna neno utakaloweza kumshika nalo. Anasema Brutus ni mtu wa heshima, anakumbusha kwamba fidia za mateka walioletwa na Caesar zilijaza hazina ya umma, anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, anakumbusha kwamba maskini walipolia, Caesar alilia nao, anarudia tena, kisha anakumbusha kwamba Caesar alipewa taji mara tatu na mara zote tatu akalikataa. Mwagize msomaji wako aibadili sauti kidogo tu kila sifa ile inaporudi, na wasikilizaji waseme ni wapi heshima imegeuka kuwa tusi. Hawatakubaliana, na kila mmoja atalazimika kukirudia kitabu ili kuutetea msimamo wake.

Halafu kuna vazi. Antony anashuka jukwaani, analikunjua vazi la Caesar lililotobolewa, na kuwaonyesha raia: hapa kisu cha Cassius kilipenya, hapa Casca, hapa Brutus aliyependwa. Waache wanafunzi wasisimke kama raia wanavyosisimka. Baada ya hapo waulize swali moja: Antony aliyajuaje hayo? Katika onyesho lililotangulia Trebonius, mmoja wa wala njama, alimvuta pembeni kabla visu havijachomolewa, kwa hiyo hakuwapo. Nimewaona vijana wa Kidato cha Tano wakinyang'anyana kitabu ili walihakikishe jambo hilo, na tangu siku hiyo hawakuhitaji kusukumwa.

Nina tahadhari moja. Watakachokikumbuka mara moja ni mikutano ya kampeni waliyoishuhudia, na ulinganisho huo ni wa haki, lakini usiuachie ukageuka kuwa ubishi wa vyama, maana kipindi kitakwisha na Roma mtakuwa mmeisahau.

Mwalimu, Kasulu

Shikamoo mzee wetu wa Ujiji. Ninaafiki karibu yote uliyoyasema, isipokuwa ninaona mwanafunzi anayekutana na Caesar akiwa maiti hana sababu ya kujali amekufa au la. Mimi hutanguliza onyesho moja fupi, la pili katika Tendo la pili, ambapo Calpurnia anamsihi mumewe asitoke nyumbani. Ameota sanamu ya Caesar ikitoa damu kama chemchemi, na Warumi wakinawa mikono humo huku wakitabasamu. Caesar anakubali kubaki. Anaingia Decius, mmoja wa wauaji, anaifasiri ndoto ile ile kuwa ya heri, kwamba Roma itapata uhai kutokana na damu ya Caesar, kisha anaongeza kwamba Seneti imeazimia kumpa taji siku hiyo, na kwamba asipokwenda watu watamcheka wakisema kikao kiahirishwe hadi mkewe aote ndoto njema. Caesar anaomba joho lake.

Hapa kwetu hakuna mwanafunzi asiyekuwa na maoni juu ya ndoto, kwa hiyo mjadala huanza wenyewe. Faida kubwa zaidi ni kwamba wanakwenda kwenye hotuba za mazishi wakiwa wamekwisha kuona jinsi maneno matamu yanavyomtoa mtu nyumbani kwake, na wanakuwa na jicho kali kwa Antony.

Kuhusu lugha, mimi sioni kwamba Kiswahili kinamwondolea mwanafunzi kazi. Anayedhani tafsiri ya Mwalimu Nyerere ni njia ya mkato hajaifungua. Ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, naye akaipitia upya ikatolewa tena mwaka 1969, na ni ya kishairi bila vina kama ilivyo ya Kiingereza; yako maneno ambayo yatawapeleka wanafunzi wa HKL kwenye kamusi ya Kiswahili, jambo ambalo wengi wao hawajalizoea. Utaratibu wangu ni kwamba tamthilia nzima tunaisoma kwa Kiswahili, kwa mwendo wa kawaida, ili habari yote ikae kichwani. Kiingereza tunakitunzia sehemu tano au sita za kusomwa kwa sauti mara nyingi, na katika sehemu hizo hatukimbii. Anayekwisha kujua nani anamdanganya nani hatishwi tena na neno la kale, kwa sababu anaweza kulikisia kutokana na hali.

Kwa kuwa mpo Tabora, waambie pia kwamba mtafsiri alisoma hapo hapo kuanzia mwaka 1937, na akarudi kufundisha St. Mary's baada ya Makerere. Watafurahi kwa dakika mbili, kisha endeleeni na kazi.

HKL wa zamani (Nzega)

Shikamooni walimu. Mimi si mwalimu, bali ni mmoja wa waliosomeshwa kwa njia ile ya kunakili muhtasari, na hadi leo ninaweza kuitaja tarehe 15 Machi bila kukumbuka ni nani aliyemwonya Caesar juu yake. Ningependa kuuliza kwa nini isiwe Macbeth. Ni fupi, inaanza na wachawi watatu na radi, mauaji yanatokea mapema katika Tendo la pili, na tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi ipo tangu mwaka 1968. Nadhani vijana wangeshikwa tangu ukurasa wa kwanza, bila kulazimika kuruka chochote.

Mlezi wa Klabu (Tabora)

Shikamoo mzee wa Ujiji, na ninawashukuru wote. Nitaanza na ndoto ya Calpurnia Ijumaa hii, kisha hotuba Ijumaa inayofuata.

Ndugu wa Nzega, Macbeth niliifikiria, na unachokisema juu ya mwanzo wake ni kweli. Kilichonizuia ni hao hao wachawi. Katika mikoa yetu hii wako wanawake wazee waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho yao ni mekundu, na baadhi ya wanafunzi wangu wanatoka katika vijiji ambako habari hizo hazisimuliwi kama hadithi. Ninahofia kwamba watalitupia kosa lote kwa wachawi na kumwacha Macbeth, ilhali kitabuni hakuna mahali wanapomwambia amuue mfalme Duncan. Hilo analiwaza mwenyewe, na mkewe analikamilisha. Ni somo kubwa, na ningependa kulifundisha kwa watu waliokwisha kujizoeza kuuliza nani alisema nini hasa. Kwa hiyo ninaiweka iwe ya pili.

Limebaki jambo la vitendo. Klabu ina wanachama zaidi ya arobaini, na fedha ya kurudufu kitabu kizima haipo. Vilevile, wasichana wameanza kulalamika kwamba tamthilia ina wanawake wawili tu.

Mstaafu wa Ujiji

Marahaba, wanangu. Mwalimu wa Kasulu amenishinda katika lile la ndoto, na ninalikubali.

Usirudufu kitabu kizima. Rudufu onyesho la hotuba peke yake, kurasa chache, karatasi moja kwa wanafunzi wawili. Maneno ya raia yaandike kwa herufi kubwa ubaoni, ili wale arobaini wayapaze bila kutafuta mahali yalipo. Kuhusu wasichana, wakati wa Shakespeare sehemu za wanawake ziliigizwa na wavulana kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa jukwaani, kwa hiyo hakuna atakayekushtaki ukimpa msichana sehemu ya Antony. Mpe mwenye sauti ya chini anayejua kungoja, wala si yule bingwa wa mdahalo. Bingwa atapiga kelele tangu mstari wa kwanza, na Antony hapigi kelele.

Hapo Tabora mna faida nyingine mtakapofika Tendo la tano, Brutus anapoapa kwamba hatapelekwa Roma akiwa amefungwa. Vijana wako wanaijua habari ya mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyelipua baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 kuliko kuwaangukia Wajerumani. Hutahitaji kueleza sana.

La mwisho ni kwamba siku ya hotuba usiwaruhusu kuondoka baada ya wasia wa Caesar kusomwa. Antony amewaahidi raia drakma 75 kila mmoja, nao wamekwenda kuchoma nyumba za wauaji. Soma mara moja onyesho fupi linalofuata, ambamo wanamkamata Cinna mshairi kwa sababu tu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji, na anapojitetea kwamba yeye ni mshairi wanajibu kwamba basi araruliwe kwa ubaya wa mashairi yake. Kisha, kabla hawajatulia, fungua mwanzo wa Tendo la nne, penye mistari mitatu hivi ambayo wasomaji wengi huipita: Antony, akiwa sasa na madaraka, anamtuma mwenzake Lepidus akaulete wasia ule ule ili waone ni kiasi gani cha ahadi zile wanaweza kukipunguza. Usiwaulize swali lolote. Wapeleke kwenye chakula cha jioni, na uwaachie wanafunzi wa zamu jukumu la kuwanyamazisha wakati wa prepu.