YULE MUOSHA PIKIPIKI KAIPIGA EGZOSI YANGU STILWAYA!!

Wakuu mikono inanitetemeka hapa. Yule muosha pikipiki wa Ngamiani mnamjua nyote sina haja ya kumtaja, leo kaisugua egzosi yangu na STILWAYA. Ile ile ya masufuria!!

Nimemwachia dakika kumi tu nikanywe chai na mhogo, narudi namkuta kachuchumaa anapiga mluzi, sugua sugua kama anatoa ukoko wa pilau la harusi ya watu 500, namuuliza we unafanya nini, akainua uso AKATABASAMU, "Blaza nimekutolea kutu yote." Kutu gani?? Ile ni rangi ya moto, pale bomba linapotokea kwenye injini lazima kromu igeuke njano mpaka bluu. Na kromu yenyewe ni utando mwembamba kuliko unywele, chini nikeli, chini chuma, ukishaikwangua ndo basi tena. Saa hizi mikwaruzo duara duara, ukipitisha kucha inakwama. Na chumvi ya upepo wa Tanga hii, wiki mbili tu itakuwa na madoa kama chui.

Miaka mitatu naifuta mwenyewe, nasubiri ipoe, maji ya sabuni, kitambaa cha fulana, nakausha, napaka waksi. Siku MOJA nampa mtu. Akatabasamu wakuu! Na buku mbili akadai!

*kijana_wa_sahare:* Picha mkuu

*mzee_wa_kofia:* Pikipiki ya kubebea mkaa inapakwa waksi 😂😂

*Mwenye uzi:* Mkaa umeuona wapi wewe? Katabasamu nakwambia!

*bi_pongwe:* Pole kaka. Siku ukipata kutu ya kweli chukua foili ya jikoni, ikunje, ilowanishe maji, sugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu haikwaruzi hovyo.

*deiwaka_03:* Shukuru hata wewe, mimi alipiga presha ya maji kwenye plagi nikasukuma mpaka Chumbageni jua la saa saba

*mzee_wa_kofia:* Nyie mnalia maji, mimi fundi kaniuzia cheni ya mtumba kaipaka grisi eti mpya

*deiwaka_03:* Yule mwenye meno ya dhahabu?? Hata mimi!!

*Mwenye uzi:* Jamani egzosi yangu

*kijana_wa_sahare:* Cheni orijino saa hizi bei gani kwani?