Re: Karatasi zimerudishwa. Naishi Cluj au Florești?

Kutoka: Mwanafunzi wa Udaktari

Habari zenu ndugu. Leo asubuhi nimerudishiwa faili lote la permis, kibali cha kuishi hapa Romania. Bima ipo, adeverință (barua ya uthibitisho) ya chuo ipo, ada nimelipa. Tatizo ni contract ya kupanga nyumba. Mwenye nyumba ameandika "str. Avram Iancu, Cluj-Napoca", na extras CF, nakala ya daftari la ardhi, inasema Florești. Mama wa dirishani akazungushia anwani kwa kalamu nyekundu, akasema nyumba hii haipo Cluj, akaita mtu mwingine. Permis yangu inaisha mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba yuko Italia na simu hapokei mpaka usiku. Je, act adițional (nyongeza ya mkataba) inatosha, au lazima contract iandikwe upya? Aliyepitia hili anisaidie, nina mtihani pia.

Kutoka: Mama Pacha, Florești

Pole sana mdogo wangu. Linawakuta wengi huku. Wakala anakuambia "Cluj", tangazo linasema "Cluj", na M26 unaipanda kama basi lolote la mjini. Ukipitiwa na usingizi baada ya Mănăștur, mtaa wa mwisho wa Cluj, huoni mpaka umeuvuka wapi. Lakini umeuvuka. Florești ni comună, yaani halmashauri ya vijiji, ina primar (meya) wake na baraza lake. Avram Iancu ya huku ndiyo barabara kuu yenyewe, DN1 ya kwenda Oradea. Avram Iancu ya Cluj iko katikati ya mji. Kuna Eroilor huku na Eroilor kule pia! Kadi yangu ya benki ilipelekwa kwenye jengo la watu wengine kwa sababu hiyohiyo, nikaifuata mwenyewe na watoto wawili mgongoni na mkononi. Andika kila mahali: comuna Florești, județul Cluj (mkoa wa Cluj).

Kutoka: Dereva wa Gilău

Jamani tusiwatishe wageni. Florești ni mtaa wa Cluj. Maghorofa yale yote, mall, benki, halafu tuite kijiji? Hizi ni sheria za Umoja wa Ulaya za kugawagawa watu. Contract yangu iliandikwa Cluj na permis ikatoka.

Kutoka: Mama Pacha, Florești

Kaka, yako ilitoka kwa sababu karatasi zako alizishughulikia mwajiri. Usimpotoshe mtoto wa watu. Sheria haihesabu ghorofa. Sensa ya 2002 hapa palikuwa na watu kama 7,500. Ya 2011 wakawa 22,813. Ya 2021 wakawa 52,735. Hakuna comună yenye watu wengi hivi Romania nzima. Na bado kwa sheria ni vijiji vitatu: Florești, Luna de Sus na Tăuți. Katika miaka hiyohiyo kumi Cluj yenyewe ilishuka kutoka 324,576 hadi 286,598. Waliohama wengi wamehamia huku, kwa sababu ardhi ilikuwa rahisi na vibali vya kujenga vilitoka haraka. Maghorofa yakatangulia, shule na barabara zikafuata nyuma. Mwenye mtoto wa shule huku ananielewa.

Kutoka: Wa Rongai

Hapo ni kama Rongai kabisa. Unafanya kazi Nairobi, unalala Kajiado, na kila mtu nyumbani unamwambia unaishi Nairobi. Siku ya karatasi ndiyo unajua kaunti yako. Pole mwanafunzi.

Kutoka: Mzee wa Ploiești

Wanangu, nimesoma yote na naomba kusahihisha. Umoja wa Ulaya hauhusiki hata kidogo. Romania imeingia huko 2007. Mgawanyo huu wa județ, miji na comună ulitoka katika Sheria ya 2 ya mwaka 1968, na mimi nilipokuja kusomea petroli nilikuta watu wazima bado wanataja raion na mikoa ya zamani. Comună kugeuzwa mji kunahitaji wakazi waulizwe kwa kura, kisha sheria ipite Bungeni. Haiji yenyewe kwa sababu watu wamekuwa wengi.

Na vijana mjue jambo moja. Mwaka 1988 Ceaușescu, dikteta wa Romania wakati ule, alitangaza kwamba vijiji vipatavyo 13,000 vipunguzwe hadi 5,000 au 6,000, watu wahamishiwe kwenye maghorofa. Nilikuwa hapa. Niliwaona wazee wa vijijini wakiuliza makaburi ya wazazi wao yatakwenda wapi. Alipoanguka Desemba 1989 mpango ule ukafutwa. Maghorofa ya Florești yamejengwa na soko, si na chama cha Ceaușescu, tusichanganye.

Jambo la mwisho: usiandike "Florești" peke yake. Iko Florești nyingine huku kwetu Prahova, na mji wa Florești uko Jamhuri ya Moldova. Bila județ umepotea.

Kutoka: Shemeji wa Luna de Sus

Shikamoo mzee. Niongezee kuhusu CF, maana mke wangu ni Mhungari wa hapahapa Luna. Daftari hizi za ardhi za Transilvania zilianzishwa na Waaustria karne ya 19, na Romania ilipopata Transilvania baada ya 1918 ikaziendeleza. Ndiyo maana CF ya zamani ya nyumba ya mama mkwe imeandikwa kwa Kihungari: Luna ni Magyarlóna, Florești ni Szászfenes. Ukiletewa karatasi yenye jina hilo usiikatae, ni palepale. Mama mkwe hutupeleka mpaka bonde la Someșul Mic, upande wa Gilău, akasimulia vita vya Mei 1660, mtawala wa Transilvania György Rákóczi wa Pili alipojeruhiwa akipigana na Waturuki. Alifia Oradea mwezi uliofuata. Watu wanapita pale kila asubuhi kwenye foleni ya DN1 bila habari. Mtu asituambie hatuna historia, eti sisi ni bweni la Cluj tu.

Kutoka: Dereva wa Gilău

Historia nzuri shemeji, lakini foleni ile inaniumiza. Metro wanayoipanga, vituo 19 na kilomita 21, inaanzia Florești. Sasa mtaa ambao metro ya Cluj inaanzia utaitwaje kijiji?

Kutoka: Mama Pacha, Florești

Utaitwa comună, kaka. Nimeshasema.

Kutoka: Wa Rongai

Tukiwa hapa, kuna mtu anajua unga mweupe unapatikana wapi Cluj? Mălai, unga wa mahindi wa njano wa huku, nimeichoka. Nikisonga ugali wa njano mama yangu kwenye video anageuza uso, anasema amekumbuka njaa ya 1984.

Kutoka: Mzee wa Ploiești

Kwetu Tanzania tuliuita yanga. Mama yako ana haki. Lakini ukichekecha mălai mara mbili na ukaivisha maji vizuri kabla ya kuongeza unga, inakubali. Mimi sasa nikienda Morogoro ndio naukuta ule mweupe laini mno, na sipendi kusema hivyo mbele ya dada zangu.

Kutoka: Papa wa Bukavu

Mimi narudi kwenye kura, maana hapo ndipo uzito ulipo. Sisi tunalipa kodi, watoto wanasoma darasa lililojaa, lakini mwenye permis hapigi kura ya primar. Mwenye uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya anayeishi hapa anaruhusiwa katika uchaguzi wa mitaa. Ndugu zangu Wakongomani mlio na pasipoti ya Ubelgiji na mnakaa Florești: nendeni primărie (ofisi ya meya) mkaulize orodha ya wapiga kura, na mkienda mtaje barabara za Tăuți na mifereji, wasije wakasema hatukulalamika.