Magrupu ya michango ya harusi: ile list ibaki au iondoke?

Wakuu, juzi kuna mdau alisema grupu la WhatsApp limeleta uwazi kwenye michango, eti zamani mweka hazina alitembea na daftari lake, ukumbini soda zinaisha saa tatu na hakuna wa kumuuliza. Sikatai. Kinachonikera mimi ni ile list.

Mnaijua. Unaungwa usiku hujaulizwa, asubuhi unakuta meseji kibao halafu list, Baba Mdogo 500,000 ✅, Mjomba Moro 300,000, kila mtu anakopi anaongeza jina lake chini anapesti, mmoja anapesti ya zamani waliolipa wanapotea, ugomvi unaanza. Mfuko wako unasema elfu thelathini ila ukiangalia juu yako ni laki, laki, laki, na wewe unaandika laki. Enzi za kadi ungemwambia aliyekuletea "nitakuona mwisho wa mwezi" mkamalizana wenyewe, ila sasa kila anayelipa list inarushwa upya na jina lako lipo palepale halina tiki, na bosi wako yumo humo, na wakwe wamo.

Mtasema si utoke tu. Ni kweli tangu 2022 WhatsApp unatoka kimyakimya, anayeletewa taarifa ni admin peke yake. Sasa admin ni nani kama sio kaka wa bwana harusi? Na ile setingi ya 2019 ya kuzuia kuungwa hovyo, mtu anakutumia mwaliko inboksi, usipouitikia unaambiwa una dharau.

Kwa hiyo grupu libaki la matangazo na vikao. Ahadi na malipo mtu amalizane na mweka hazina kwenye simu, kamati ituonyeshe imekusanya jumla ngapi na imetumia wapi. Nani kachelewa inawahusu nini watu mia mbili?

Mdau wa Tabata: Hujawahi kushika hela za kamati wewe. Toa list uone kama utapata hata nusu ya ahadi, watu wa mjini bila kuonekana hawalipi, atakwambia mtandao unasumbua mpaka keki inakatwa.

Mtoa mada: Huyo hakuwa na nia ya kuchanga ndugu yangu, mlimkamua. Pangeni ukumbi kwa hela iliyopo mkononi.

Mdau wa Mombasa: Huku kwetu magrupu mengi ni ya bili ya hospitali na mazishi, mara nyingi mwili hautoki mochari mpaka ilipwe. Hapo bila list mtangoja sana.

Mtoa mada: Msiba huo hata mimi nachanga nikiwa nimekopa, tena niandikeni wa kwanza. Mimi nasemea sherehe yenye MC, matarumbeta na keki ya ghorofa, hiyo mtu asinidai hadharani.