Wakuu tupeane uzoefu: mlioacha kuandika SQL (lugha ya databesi) kwa mkono mkahamia kuandika skima (mpangilio wa tebo) kwenye kodi ya programu

Mleta mada:
Habari za muda huu wakuu. Mfumo wa duka la dawa niliuandikia databesi ya MySQL, faili moja la .sql lina AUTO_INCREMENT (namba inayojiongeza yenyewe), lina TINYINT(1) za ndiyo na hapana, majina ya tebo yote yamefungwa na vile vialama vya MySQL, siku ya kufunga mteja ananiambia seva yao inatumia databesi nyingine, PostgreSQL. Faili liligoma kwenye tebo ya kwanza kabisa, nikakaa siku nne narekebisha kwa mkono, hapa weka IDENTITY badala ya AUTO_INCREMENT, pale BOOLEAN badala ya TINYINT(1), nikitengeneza hii ile inagoma. Toka hapo tebo naziandika Python kwa maktaba ya SQLAlchemy, nasema kolamu hii Integer, ndo praimari kii (utambulisho wa kila mstari), hii Boolean, yenyewe inajua kila databesi inataka iandikweje. Nyie mlianzaje?

Mchangiaji 1:
Mimi natumia Laravel (fremuweki ya PHP) na kilichonihamisha ni timu, maana tulikuwa watatu kila mtu na databesi yake kwenye laptopu, mmoja akiongeza kolamu anatupia SQL kwenye grupu la WhatsApp, mwingine hajaiona, kesho yake kwake mfumo hauwaki. Sasa migresheni (faili za kodi zinazobadilisha tebo) zinakaa Git, sehemu ya kutunza kodi ya timu, ukivuta mapya unapiga php artisan migrate, basi.

Mchangiaji 2:
Naunga mkono ila msibweteke. Mimi natumia Django (fremuweki ya Python), kwenye laptopu databesi ni SQLite, kwenye seva PostgreSQL. Namba ya simu nimeweka max_length 20 (mwisho herufi 20), naingiza wateja kutoka Excel, kumbe kuna waliojaza namba mbili sehemu moja. SQLite haijali urefu wa VARCHAR (kolamu ya maandishi) ikameza zote, kwenye seva ikakataa mbele ya mteja. Skima ni ileile kabisa! Siku hizi PostgreSQL naiweka mpaka kwenye laptopu.

Mchangiaji 3:
Na wa MySQL, migresheni ikifia katikati hairudi nyuma, kila CREATE na ALTER inajikomiti (inahifadhiwa moja kwa moja) papo hapo, wakati PostgreSQL inafuta yote unaanza upya. Mimi iliniachia tebo nusunusu, tena ilikuwa saa saba usiku. Badiliko moja, faili moja.

Mleta mada:
Asanteni sana, hii ya SQLite sikuwa naijua. Triga je (zile amri zinazojiendesha zenyewe data ikibadilika), mnazifanyaje?

Mchangiaji 1:
Triga mkuu hakuna namna, naandika SQL yenyewe ndani ya migresheni, naweka if ya kuangalia ni databesi gani, mbili tofauti.