Mafundi wa kuosha boti Mwanza mnatuua: nimelipa laki mbili na nusu, boti imerudi na michirizi kama punda milia

Wakuu habari za muda huu, mimi zangu mbaya. Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo pembeni ya boti yangu hapa Luchelele, mgongo umekufa, mikono inanuka kompaundi (ile dawa ya kusugulia faiba iliyopauka), kwa hiyo nikitukana kidogo mnivumilie.

Nina boti ya faiba, futi 23, nyeupe yenye mstari wa bluu, kazi yake kupeleka wageni kisiwa cha Saanane na wikiendi wale wanaopenda kuvua sangara. Kuna familia imebuku Jumamosi, nikasema acha ioshwe ipigwe polishi maana ilikuwa imepauka, ukipitisha kiganja ubavuni kinatoka na unga mweupe kama umefuta ubao wa shule. Nikapata jamaa anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp, mapicha makali, "boti yako kama imetoka kiwandani leo". Laki mbili na nusu. Nikalipa yote kabla ya kazi, ndio, yote, chekeni tu.

Jioni naenda kuichukua, kwa mbali inawaka kweli, moyo ukatulia. Nasogea, jua la saa kumi na moja linapiga ubavuni kwa mshazari, Mungu wangu. Michirizi kuanzia kwenye mpira wa pembeni mpaka kwenye maji kama ukuta wa tope ulionyeshewa, polishi imegandia mabaka mabaka, halafu viduara vya mashine kila mahali. Namuuliza vipi hii, ananijibu bila aibu "bosi hiyo kawaida, ni maji ya ziwa hayo, halafu na boti yenyewe imezeeka".

Maji ya ziwa!! Dogo mmoja anayelinda pale ufukweni nimemnunulia soda tu kamwaga kila kitu. Boti imeoshwa saa saba mchana, jua la utosi, faiba ya moto hata kukanyaga huwezi, na sabuni ya unga ya kufulia, inapakwa boti nzima kwanza ndo waanze kusuuza. Sasa hapo sabuni si imeshakauka? Na wameanzia juu wakashuka, yani maji machafu ya kwenye deki, mavi ya ndege, mizoga ya wale wadudu wa ziwani, vyote vinateremka juu ya ubavu mkavu na vinagandia njia ile ile vilipopita. Inavyotakiwa, ubavu unaanza kuusugua chini unapanda juu, sehemu kwa sehemu, chini panakuwa pameshalowa, uchafu unateleza tu haushiki, ukija kusuuza ndo unatoka juu kushuka. Penye ukijani wa mwani wamepiga stilwaya la masufuria. Stilwaya! Kwenye jelikoti, lile tabaka la nje la faiba linalong'aa!

Na povu lote ziwani, hilo hata sisemi sana japo maji ya bomba tunayokunywa mji huu yanavutwa humo humo Capri Point na Butimba, na sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, ila nani anapima.

Kilichonitoa machozi ni mashine. Jamaa hana mashine ya polishi, ana grinda. Ile ndogo ya kukatia vyuma, kaifunga sponji mbele. Wakuu grinda ile inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, mashine ya polishi unaiweka elfu na kitu, elfu mbili ukizidi sana, na jelikoti yote unene wake ni kama nusu milimita tu, kwa hiyo kwenye kona ya nyuma kaunguza mpaka nyuzi za faiba zinachungulia. Juu ya deki kamalizia na ile dawa ya kung'arishia tairi ili mimi nione inang'aa, nimekanyaga nikateleza nusura niingie ziwani na simu mfukoni. Mgeni akivunjika mguu nani analipa?

Mzee mmoja mvuvi kapita akaangalia akasema "ng'wanawane, umeisugua na mchanga?" nikakosa hata jibu.

Basi juzi na jana nimefanya mwenyewe, nimeivuta juu nikafunga turubai ipate kivuli, alfajiri kabla jua halijachachamaa. Maji ya ziwa yale yale anayoyasingizia, shampuu ya gari, ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya kusuuzia sponji. Ila kusuuza kwa mwisho nimetumia maji ya mvua ya kwenye simtanki na nikakausha kwa kitambaa hapo hapo, sikuacha tone likauke lenyewe. Alama zilizogoma nimetumia siki nyeupe nusu na maji nusu, nikasuuza tena. Halafu kompaundi kwa mkono, kipande kama cha nusu mita, nafuta kabla haijakauka, kitambaa kikijaa nageuza upande, kisha polishi, kisha nta. Yule fundi alipaka ubavu mzima akaenda kula ugali akarudi kufuta na tisheti moja tangu mwanzo mpaka mwisho!

Kipande cha mbele kimetoka safi, unajiona uso, hamna mchirizi hata mmoja. Nikapiga picha nikamtumia yule fundi, "mbona maji ya ziwa hapa hayajachora?" Kasoma, tiki za bluu hizo hapo, kimya, leo asubuhi kanibloku.

Hela najua ndo imeenda. Bado ubavu wa kulia wote na mkono hauinuki, Jumamosi hiyo inakuja. Mwenye mashine ya polishi ya kukodisha, ya kupunguza spidi, uwe Kirumba, Igombe, hata Musoma naifuata, njoo PM. Na ukija na grinda nitaitupa ziwani mbele yako.