Ukoo wa Barabara ya 13: sinema ya Jumamosi

*JUMAPILI*

[09:12] Da Mwana: Asalaam aleikum ukoo. Jana tumemaliza salama, alhamdulillah. Sasa kila aliyekaa uani kwa Bibi aseme ameionaje The Terminator, ile sinema ya chuma chenye sura ya mtu (Arnold) kilichotumwa toka miaka ya mbele kumuua Sarah. Jumamosi ijayo, panapo majaliwa, tunaweka ya pili. Kabla ya Jumatano nijue nani anakuja na nani analeta nini. Projekta ya kuazima ile, si yetu.

[09:15] Da Mwana: Naanza mimi. Nimeshaiona mara nne lakini jana ndiyo nimemwona Sarah vizuri. Msichana wa kubeba sahani mgahawani, mtoto anamtia aiskrimu mfukoni mwa aproni na yeye ananyamaza. Hajui bunduki, hajui vita. Mwisho wa sinema ndiye anayemwamrisha Reese, yule askari aliyekuja kumlinda, ainuke atembee na majeraha yake. Mwaka 1984 hiyo! Watu wanamsifia Arnold, mimi sinema ile naiona ya Sarah.

[09:58] Da Mwana: Watu 19 mmesoma.

[10:20] Saidi: Shikamoo Shangazi. Nzuri ila imezeeka. Lile fremu la chuma likitoka motoni linatembea kwa kushtukashtuka.

[10:22] Mjomba Fundi: Saidi usiniudhi asubuhi. Lile wamelipiga picha moja moja, wanalisogeza kidogo wanapiga, wanalisogeza wanapiga. Pale anapojichana mkono chumbani uliangalia? Zile fimbo ndogo zinaingia na kutoka, na kila moja ina kidole chake. Kazi ya mikono ile, Stan Winston na vijana wake, hakuna cha kompyuta. Mimi nimefungua injini maisha yangu yote, najua kitu kilichofungwa na fundi.

[10:25] Saidi: Mkono nakubali Mjomba. Sura je? Akijitoa jicho mbele ya kioo, ile ni sura ya mpira kabisa.

[10:27] Mama Zuhura: Jicho lilivyodondoka kwenye sinki maji yakawa mekundu, mimi nina kachori mkononi. Nikairudisha kwenye sahani.

[10:27] Baba Shamsa: Kumbe ile kachori iliyong'atwa! Nimeila mimi 😂😂

[10:28] Mama Zuhura: 😂😂😂

[10:31] Da Mwana: Jamani. Projekta.

[10:33] Saidi: Na kitabu cha simu Shangazi. Shamsa kaniuliza kwa nini majina ya watu yote na wanapokaa yameandikwa kwenye kitabu kimoja barabarani.

[10:34] Mjomba Fundi: Ndiyo maana wale akina Sarah wengine walikufa. Chuma anasoma tu foleni, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hana chuki nao. Hilo ndilo lilinitisha mimi. Mtu mwenye chuki utamwomba, utamlilia. Yule unamwomba nini?

[10:41] Baba Shamsa: Mimi la watoto. Dakika ya tano tu mwanamume wa miraba minne yuko uchi mbele ya mama mkwe wangu. Halafu ile moteli.

[10:42] Da Mwana: Moteli niliwaziba.

[10:42] Baba Shamsa: Ulisimama mbele ya projekta umetanua khanga. Picha ikatokea kwenye khanga!

[10:43] Mama Zuhura: Tena ile nyeupe 😂😂😂

[10:43] Saidi: Ilionekana vizuri kuliko kwenye shuka

[10:50] Da Mwana: Sawa chekeni. Ya pili, ile ya 1991, haina mambo ya moteli. Chuma anarudi kumlinda mtoto, na mtoto anamkataza kuua. Wanaweza kuangalia. Naomba: shuka jeupe pana, spika, jenereta umeme ukikatika, mchango elfu tano kila nyumba. Nani nini?

[12:35] Da Mwana: ???

[13:02] Baba Shamsa: Nimesoma kitu. Huyo mwongozaji, James Cameron, aliota homa imempanda, yuko Rome, hana kitu. Akaliona fremu la chuma linatoka motoni. Kuja kuiandika, haki ya ile hadithi akamuuzia Gale Anne Hurd kwa dola moja. Dola moja! Sharti lake aongoze yeye. Na hela ya kutengenezea ilikuwa kama dola milioni 6.4, ndogo kwa watu wale.

[13:05] Mama Zuhura: Bei nzuri hiyo kuliko ya deki ya video.

[13:06] Baba Shamsa: Mmmh.

[13:40] Kaka Hamisi: Waaleikum salaam. Nilikuwa njiani. Mimi ya kwanza niliionea kibandani, elfu moja mia tisa tisini na kitu. Mtafsiri alituambia yule askari Reese ni kaka yake Sarah. Ilipofika moteli akanyamaza kimya mpaka asubuhi yake 😂

[13:41] Saidi: 😂😂😂😂 Baba Mkubwa!

[13:44] Da Mwana: Ulionea kibandani kwa sababu deki nyumbani haikuwepo tena.

[13:45] Kaka Hamisi: Mwana, tusianze.

[13:47] Da Mwana: Sianzi. Nasema kilichokuwa. Deki ya Baba ilitoka na kanda ndani yake, ile ya harusi ya Da Tatu. Hata kuitoa kanda hukuitoa. Ndiyo maana mpaka leo ukoo mzima tunaazima projekta ya watu.

[13:48] Mama Zuhura: Kanda ya harusi ndiyo iliyoniuma mimi.

[13:49] Kaka Hamisi: _Ujumbe huu umefutwa_

[14:10] Da Mwana: Umefuta nini?

*JUMATATU*

[06:55] Da Mwana: Habari za asubuhi. Mchango umetoa nyumba mbili. Spika?

[11:30] Shangazi Tatu (Muscat): Aleikum salaam wapenzi, nilikuwa kazini. Hiyo kachori ilikuwa ya nyama au ya viazi?

[11:32] Baba Shamsa: Viazi Shangazi. Tamu sana.

[11:36] Shangazi Tatu (Muscat): Nami nimeiangalia huku jana usiku peke yangu, msinisahau. Kuna jambo halijaniingia. Yule Reese katumwa na John, mtoto wa Sarah, siyo? Na John baba yake ni Reese. Kwa hiyo mtoto kamtuma baba yake aende akamzae?

[11:37] Saidi: Ndiyo Shangazi. Na anajua kuwa hatarudi.

[11:41] Shangazi Tatu (Muscat): Ya Rabi. Ndiyo ile picha mwishoni. Sarah yupo kwenye sheli na tumbo lake na mbwa wake, kitoto kinampiga picha, kinataka hela. Na picha ndiyo ile ile Reese aliyotembea nayo vitani mpaka ikaungua. Nililia. Sarah alipopigwa alikuwa anamfikiria Reese, na Reese aliishika miaka yote anajiuliza mwanamke huyu anawaza nini.

[11:42] Shangazi Tatu (Muscat): Na kanda yangu ya harusi naiwaza hivyo hivyo. Basi tu.

[11:50] Da Mwana: Unaona Kaka Hamisi?

[11:51] Da Mwana: Kaka?

[16:20] Bibi (simu ya Zuhura): SHIKAMOO ZENU NIMEPOKEA. ZUHURA ANANISOMEA. NAMI NITASEMA LANGU MAANA MLINIKALISHA MPAKA SAA TANO USIKU.

[16:24] Bibi (simu ya Zuhura): UKUMBI WA MAJESTIC NIMEINGIA TANGU SIJAOLEWA, SINEMA NAZIJUA. YULE KIJANA KAJA KWA KUPENDA, MUNGU AMREHEMU. YULE CHUMA KATUMWA. HANA ROHO HANA MOYO, KATUMWA TU. MNAMLAUMU CHUMA, ALIYEMTUMA HAMMUONI HATA SURA YAKE.

[16:25] Bibi (simu ya Zuhura): NA HAMISI KATUMWA. ALIKUWA NA MIAKA KUMI NA SITA. DEKI MSIITAJE HUMU TENA.

[16:58] Saidi: Lakini Bibi kumbe nani ali

[16:58] Saidi: _Ujumbe huu umefutwa_

[17:30] Da Mwana: Nimesikia Mama.

[17:31] Mama Zuhura: Tumesikia Mama.

[19:04] Mjomba Fundi: Nimesikia Dada.

*JUMANNE*

[08:15] Da Mwana: Asalaam aleikum. Kesho ndiyo mwisho wa kujibu. Saa mbili kasoro usiku, baada ya isha haraka. Projekta inatakiwa irudi kwa mwenyewe saa nne na nusu na sinema ni ndefu, inachukua zaidi ya masaa mawili.

[08:40] Saidi: Haitoshi Shangazi. Bado hujahesabu umeme.

[08:52] Mjomba Fundi: Na pale mwisho pasikatwe. Wa kwanza Sarah kamsaga kwa presi, kabonyeza kitufe mwenyewe. Huyu wa pili naye namna anavyokwenda... sisemi. Watoto waone.

[09:10] Baba Shamsa: Watoto wangu bado nafikiria. Shamsa tangu Jumamosi ananiuliza 2029 ni lini. Ndiko alikotoka yule chuma. Nimepiga hesabu ni kesho kutwa tu. Halali na taa imezimwa.

[09:14] Da Mwana: Mlete akae na mimi. Aone chuma anakatazwa kuua na anatii. Ndivyo hofu itakavyomtoka, si kwa kumficha.

[09:30] Baba Shamsa: Mama yake hataki.

[09:31] Da Mwana: Nitaongea naye.

[13:20] Shangazi Tatu (Muscat): Hamisi, nimekupigia mara mbili. Pokea mwanangu. Si kwa ubaya.

*JUMATANO*

[21:47] Kaka Hamisi: Shuka na jenereta nitaleta mimi. Mafuta mtafute.

[21:48] Da Mwana: Ahsante sana kaka yangu.

[21:48] Da Mwana: Mafuta lita ngapi?

[22:30] Da Mwana: Na spika bado. Watu 22 mmesoma. Baba Shamsa, mkeo hapokei simu.